Kizibo cha Oili Kimelika: Kosa la Fundi au la Lugha?

Ukienda kwa mafundi wa magari wa Kirinyaga Road au wa Ngara jijini Nairobi, ukawauliza ni kifaa kipi cha injini kinachodharauliwa kuliko vyote, huenda usijibiwe, kwani kinachodharauliwa hakikumbukwi hata kinapoulizwa. Mimi nitajibu kwa niaba yao. Ni kile kizibo kidogo kilicho chini kabisa ya injini, ambacho hufunguliwa ili oili chafu imwagike, kisha hufungwa kabla ya oili mpya kutiwa. Wahenga walinena kwamba mdharau mwiba guu huota tende. Kwa mwenye gari kuukuu anayekidharau kizibo hiki, tende huota kwenye injini.

Mafundi wengi hukiita "nati ya sampu". Kwa mtu wa isimu jina hilo ni la kuchekesha kidogo, kwa kuwa kifaa chenyewe si nati hata chembe. Nati ina tundu katikati, hiki hakina. Ni bolti fupi, nene, yenye kichwa cha kushikwa na spana. Wengine hukiita "plagi ya oili", na hapo tatizo jingine huzaliwa, maana katika gereji zetu plagi ikitajwa bila nyongeza yoyote ni ile ya kutoa cheche. Mimi nitakiita kizibo, kwa kuwa kazi yake ni kuziba.

Na ile mizingo iliyochongwa ubavuni mwake? Kamusi zetu za zamani zina neno "hesi", ambalo husikika katika "msumari wa hesi", yaani skrubu. Gereji zetu husema "thredi". Sina ugomvi na lolote kati ya maneno hayo mawili. Aliyekwisha kuzikaribisha breki, klachi na kabureta hana haki ya kuizuia thredi mlangoni. Humu nitatumia hesi kwa sababu tu ni neno jepesi kwa ulimi.

Gari linalonihusu ni Volkswagen 1300 la mwaka 1969, lenye mgongo kama wa kobe, nililoachiwa na marehemu baba yangu ambaye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Watu wa rika lake hawahitaji kuelezwa gari la aina hiyo lilikuwa na hadhi gani katika nchi hii. Lilishinda mashindano ya Safari mwaka 1954, 1957 na 1962, tena katika barabara zilizokuwa matope matupu. Liliendelea kuundwa hadi Julai 2003, la mwisho likitoka katika kiwanda cha Puebla nchini Mexico, baada ya magari zaidi ya milioni 21 ya aina hiyo kuundwa. Wapo wanaoliona langu wakaniuliza ninaliweka la nini. Swali hilo huulizwa pia kuhusu lugha za jamii ndogo, na jibu langu huwa lile lile: linatembea.

Injini yake haitumii maji. Hupozwa kwa upepo wa feni na kwa oili, na oili yenyewe ni lita mbili unusu tu. Haina chujio la karatasi la kutupwa kila baada ya muda. Ina wavu wa chuma unaozuia takataka kubwa peke yake. Ndiyo maana oili yake yapaswa kubadilishwa mapema, kila kilomita elfu tano hivi, na kila ibadilishwapo kizibo hufunguliwa na kufungwa. Tangu mwaka 1969 hadi leo, msomaji anaweza kukisia mwenyewe ni mikono mingapi imekishika, na ni mingapi kati ya hiyo iliyokuwa na haraka.

Kizibo hicho kikichomoka kwenye mteremko wa kutoka Limuru kwenda Naivasha, lita hizo mbili unusu zitamwagika barabarani kabla dereva hajapata mahali salama pa kuegesha. Vyuma vinavyozunguka juu ya utando mwembamba wa oili vitagusana vikavu, na injini iliyodumu zaidi ya nusu karne itakufa kwa muda usiozidi wa kunywa kikombe cha chai.

Hivi ndivyo mambo yalivyokaribia kuwa. Katika gereji moja ambayo sitaitaja, oili ya gari hilo ilikuwa inabadilishwa. Msimamizi alipohisi kwamba kizibo kinaingia kwa shida, alimwambia kijana mwanagenzi, "Thredi imeshika uchafu. Chukua ile ya kumi na nne uisafishe." Alikusudia kile chombo cha chuma kigumu chenye makali, ambacho huzungushwa ndani ya tundu ili kuchonga hesi mpya au kuifufua iliyochakaa. Kijana akaenda kwenye sanduku la vifaa, akaona kimoja tu kilichoandikwa 14, akakichukua na kukizungusha kwa bidii kama alivyoagizwa.

Sasa, msomaji, nivumilie kwa hesabu kidogo, maana kiini cha makala haya kimo humu. Hesi ina vipimo viwili, si kimoja. Cha kwanza ni unene wa bolti. Cha pili ni umbali kutoka ukingo mmoja wa hesi hadi ukingo unaofuata, yaani mwendo ambao bolti huingia kila inapozungushwa mara moja. Kizibo cha Volkswagen hilo kina unene wa milimita 14 na mwendo wa milimita 1.5. Plagi ya cheche ya gari hilo hilo ina unene wa milimita 14 vilevile, lakini mwendo wake ni milimita 1.25. Tofauti ni robo ya milimita, unene wa karatasi mbili tatu za daftari. Hata hivyo, baada ya mizunguko minne, kimoja kimekwisha kuingia milimita 6 na kingine 5. Chombo cha kuchongea hesi ya plagi kikitiwa katika tundu la kizibo hakisafishi chochote. Hukata kingo zilizokuwepo na kuacha makombo ya mistari inayopingana, mithili ya ukurasa ulioandikwa juu ya maandishi mengine. Na aghalabu kilicho tayari katika sanduku la fundi ni hicho cha plagi, kwa kuwa hesi za plagi ndizo husumbua mara kwa mara.

Hatari hii haikomei kwenye Volkswagen. Nchi yetu ilirithi magari ya Waingereza yaliyopimwa kwa inchi, kisha yakaja ya Wajerumani, Wafaransa na Wajapani yaliyopimwa kwa milimita, na bolti za wote hao zimechanganyika katika mikebe ile ile ya rangi iliyokwisha. Joseph Whitworth alipendekeza mfumo mmoja wa hesi kwa Uingereza mwaka 1841, pembe ya kingo zake ikiwa nyuzi 55. William Sellers wa Marekani akaja na wake mwaka 1864, wenye pembe ya nyuzi 60. Tangu hapo ulimwengu umekuwa Babeli ya bolti. Iko bolti ya Kiingereza ambayo unene wake ni 9/16 ya inchi, sawa na milimita 14.29, yenye kingo 18 katika kila inchi. Ijaribu kwenye tundu la milimita 14: itaingia kidogo kisha igome. Fundi mwenye subira huitoa. Asiye na subira huongeza urefu wa spana.

Kizibo changu kilizungushiwa utepe mweupe wa mafundi wa mabomba ya maji, kikapakwa gundi ya gasketi, kikakazwa, nikakabidhiwa gari. Siku ya tatu niliona doa la oili katika maegesho ya chuo, kubwa kama sahani. Nilipokishika kizibo kwa vidole, kilizunguka. Sikuiwasha injini tena.

Fundi niliyemwita ni mzee wa Ngara ambaye amezifungua injini za aina hii tangu ujana wake. Alilala chini ya gari, akakitoa kizibo, akakipangusa kwa kitambaa na kupitisha ukucha wa kidole gumba juu ya hesi. Kisha akaomba plagi kuukuu. Aliiweka ubavu kwa ubavu na kizibo, akavielekeza vyote viwili kwenye mwanga wa jua. Hesi zinazolingana hushikana kama vitana viwili vilivyoingiliana, na mwanga haupenyi. Hizi zilipishana, na mwanga ulipenya.

"Unaona, mwalimu," alisema, "hizi hazilali pamoja."

Nitairudia kauli hiyo baadaye. Kwanza tiba.

Aliyelibuni gari hili anastahili sifa moja. Tundu la kizibo hakulichonga katika kasha lenyewe la injini, bali katikati ya bamba la mviringo la chuma, ambalo nalo hufungwa chini ya kasha kwa nati sita ndogo. Juu ya bamba hilo hukaa ule wavu wa kuchuja oili. Hesi ya kizibo ikilika, huna haja ya kuigusa injini: hufungua nati sita, ukaliondoa bamba bovu na kuweka jingine, pamoja na gasketi mpya mbili na washa mpya za shaba. Bamba ni kitu cha bei ndogo. Asiyelipata anaweza kulipeleka lililopo kwa mchomeleaji stadi, akaliunganishia kwa shaba nati yenye hesi ifaayo, juu ya benchi na mbali kabisa na injini. Mzee alipata jingine Kirinyaga Road asubuhi iliyofuata.

Wenye magari ambayo tundu la kizibo limechongwa katika alumini hawana neema hiyo. Mathalani gari dogo la Mini, ambalo injini na giaboksi yake hutumia kasha moja na oili moja: hesi ya kizibo ikifa pale, ni kasha zima linalozungumziwa. Ndipo mtu huuziwa kizibo kinene zaidi chenye makali, kinachojichongea njia yake mwenyewe kikizungushwa. Mzee hukidharau, nami nimekubaliana naye baada ya kuona jinsi kinavyofanya kazi. Hakuna kinachokiongoza kiingie wima, kwa hiyo huingia kikiwa kimeinama. Kichwa chake hakikai sawasawa juu ya washa, na oili hupita upande mmoja. Mwenye gari hukikaza zaidi. Alumini hupasuka. Wapo pia wanaoshauri kukichomelea kizibo moja kwa moja, kana kwamba oili haitabadilishwa tena hadi siku ya kiyama.

Nilidhani bamba jipya limemaliza kazi. Mzee alipozifungua zile nati sita, moja ilitoka pamoja na mzizi wake. Nati hizo hukaa juu ya vyuma vyembamba visivyo na vichwa, vya unene wa milimita 6, vilivyopandwa katika kasha la injini. Kasha hilo si chuma wala si alumini. Ni aloi ya magnesi, madini mepesi sana na laini kuliko wengi wanavyofikiri. Katika gereji ile, oili ilipokuwa inavuja, mtu alizikaza nati zote sita kwa nguvu akidhani uvujaji unatoka kwenye gasketi. Bamba la kizibo lilikuwa la kubadilishwa. Kasha si la kubadilishwa. Ugonjwa ulikuwa umehama kutoka kwenye kiatu ukaingia mguuni.

Nguvu ifaayo ni kiasi gani? Kitabu cha gari hutoa jibu kwa kipimo cha kilo kwa mita. Kizibo kinahitaji 3.5, na nati za bamba 0.7 tu. Takwimu hizo hazimwambii mtu wa kawaida chochote, kwa hiyo nizilete jikoni. Ukiishika nati ndogo kwa spana ya urefu wa sentimita 14, nguvu unayotakiwa kutia kwenye ncha ya spana ni sawa na uzito wa kilo 5, yaani pakiti mbili unusu za unga wa ugali. Hakuna zaidi. Kizibo, kwa spana ya sentimita 20, kinataka kilo 17 na nusu, ambazo hazifiki pakiti tisa. Sasa mchukue mtu wa kilo 60 aliyeingiza bomba la sentimita 60 kwenye mkono wa spana akaliegemea kwa uzito wake wote. Hizo ni 36 kwa kipimo kile kile, zaidi ya mara kumi ya kile ambacho kizibo kilihitaji.

Nami sitaki lawama zote ziende kwa mafundi. Ni mteja anayesimama kando akisema, "Ikaze vizuri, fundi, isije ikamwaga." Kiswahili kinatofautisha kufunga na kukaza, na mteja wa Kenya hajaridhika mpaka asikie chuma kikilia. Amesahau kwamba kinachozuia oili kuvuja si nguvu ya mkono bali ni ile washa laini inayobanwa kati ya nyuso mbili safi. Washa hiyo hutakiwa iwe mpya kila mara. Ni nadra kumwona mteja akiuliza habari za washa.

Mzee aliitibu hesi ya kasha kwa njia iliyonifanya niketi chini nikamtazama kwa saa mbili. Alipanua tundu lililokufa kwa keekee ya mkono, polepole, kwa ncha kali, akiwa amepaka grisi ili vumbi la magnesi ling'ang'anie hapo lisiingie ndani ya injini. Vumbi hilo alilikusanya kwenye kikopo na kukiweka mbali, na hakumruhusu mtu yeyote kuvuta sigara karibu, kwa sababu chembechembe za magnesi hushika moto haraka na moto wake hauzimwi kwa maji. Baada ya hapo alichonga hesi mpya, pana kidogo kuliko ya awali, akirudisha chombo nyuma nusu mzunguko kila alipokisogeza mbele. Mwishowe alichukua waya wa chuma kisichoshika kutu, uliosokotwa kama springi ndogo, akauzungusha ndani ya hesi hiyo mpya mpaka ukazama chini ya uso wa kasha, kisha akauvunja mkia wake mdogo. Upande wa nje wa waya unashika magnesi. Upande wa ndani ni hesi safi ya milimita 6, ngumu kuliko ile ya kiwandani. Kilichokufa kilikuwa laini, na kilichochukua mahali pake ni chuma.

Fundi wa jua kali hudhaniwa kuwa mtu wa kubahatisha. Tangu ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani utoe ripoti yake kuhusu ajira nchini Kenya mwaka 1972, na hata baada ya serikali kutoa waraka wake wa sera kuhusu jua kali mwaka 1992, tumezoea kuzungumza juu ya watu hawa kama tatizo la mikopo na mabanda. Nililoliona chini ya gari langu lilikuwa elimu. Kwa hiyo narudi kwenye kauli yake, "hazilali pamoja".

Katika isimu tunaye mzee wetu mmoja, Benjamin Lee Whorf, aliyefariki mwaka 1941. Hakuwa profesa. Alisomea uhandisi wa kemikali na maisha yake yote alikuwa mkaguzi wa hatari za moto katika kampuni ya bima huko Hartford, Marekani. Alieleza jinsi watu walivyokuwa waangalifu karibu na mapipa yaliyojaa petroli, lakini walivuta sigara bila hofu karibu na mapipa waliyoyaita "matupu", ilhali pipa lililomwagwa petroli hubaki na mvuke ulio hatari zaidi. Neno "tupu" liliwatuliza. Kutokana na mifano kama hiyo Whorf alihitimisha kwamba lugha huongoza mawazo na matendo yetu, na wanaisimu wamebishana juu ya hitimisho hilo hadi leo.

Mimi simfuati Whorf mpaka mwisho wa njia. Mzee wa Ngara hana jina la ule umbali kati ya ukingo na ukingo, na bado ukucha wake unaupima. Kukosa neno si kukosa wazo. Isitoshe, wazo lake amelipa umbo la kitenzi: hesi hulala au hazilali. Ni kauli ya Kiswahili safi, ambayo hakuna kamati iliyoiunda.

Lakini ukucha hauwezi kutumwa kwa simu. Mzee akimwagiza mtu bolti kutoka Kirinyaga Road, au akimtuma mwanagenzi kwenye sanduku la vifaa, hubaki na neno moja, "ya kumi na nne", ambalo hutaja unene na kunyamazia mwendo. Yule kijana hakukosea. Alipewa nusu ya jina, akaleta kitu chenye nusu hiyo. Ningekuwa nasahihisha karatasi yake ya mtihani ningempa alama zote, na aliyetunga swali ningempa sifuri.

Kuna watakaosema kwamba dawa ni mafundi kujifunza Kiingereza. Juu ya chombo chenyewe imeandikwa M14×1.25, na hiyo si lugha ya yeyote. Ni tarakimu ambazo Mjerumani, Mjapani na Mkenya huzisoma sawasawa. Kinachokosekana ni maelezo ya tarakimu hizo kwa lugha ambayo gereji inaitumia kuanzia asubuhi hadi jioni, nayo ni Kiswahili. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Hata hivyo vitabu vya ufundi wa magari nilivyowahi kuviona mikononi mwa wanagenzi wetu ni vya Kiingereza, tena hufunguliwa ili kutazama picha.

Sisi wa vyuo vikuu tumejitahidi, lakini tumejitahidi nyumbani kwetu. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha mwaka 1990, na pia ikatoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia. Rajmund Ohly alikuwa ametoa kamusi ya kiufundi ya Kiingereza na Kiswahili huko huko Dar es Salaam mwaka 1987. Kazi hizo naziheshimu na baadhi nazitumia. Mwanafunzi wangu anaweza kukutofautishia fonimu na alofoni bila kukwama. Sijaona hata moja ya kamusi hizo ikiwa na alama ya kidole chenye grisi.

Sababu si uvivu wa fundi. Msamiati wa ufundi haukuenea katika Kiswahili kwa kuandikwa. Keekee, tupa, jiliwa, patasi na parafujo, ambalo tulilichukua kwa Wareno, yote yalikaa katika vinywa vya maseremala na wajenzi wa majahazi wa pwani kabla mwanakamusi yeyote hajayanukuu. Spana, nati, gasketi na sampu zilipita njia hiyo hiyo katika gereji za bara. Mwanaisimu alifika baadaye na daftari lake. Nadhani mpangilio huo ni mzuri na haufai kugeuzwa. Kazi yetu ni kwenda Ngara na Kirinyaga Road, kusikiliza, kuandika, na kurudisha tulichokiandika katika kijitabu chembamba kinachoweza kuwekwa mfukoni mwa ovaroli.

Nilimuuliza mzee kama tungeuita ule umbali "hatua" ya hesi, yaani hatua ambayo bolti hupiga kwa kila mzunguko. Alifikiri akasema, "Hatua si mbaya, mwalimu. Lakini vijana watasema stepu." Na waseme stepu. Mradi wakisema "kumi na nne, stepu moja nukta tano", anayesikia hatakosea.

Kuhusu yule kijana, mwenye gereji alikusudia kukata bei ya bamba kutoka kwenye ujira wake wa juma. Nilimjulisha kwamba sitapokea fidia itokayo katika mfuko huo, na kwamba aliyetoa agizo ndiye anayepaswa kuulizwa. Tulizungumza kwa adabu na hatukukubaliana. Bamba nililinunua mwenyewe. Kijana aliondoka pale kabla ya mwisho wa mwezi na sasa yuko Ngara kwa mzee, ambako vyombo viwili vya kumi na nne vimepakwa rangi kwenye shina, chekundu cha plagi na cha buluu cha kizibo. Kila oili inapobadilishwa, mzee humtaka akizungushe kizibo kwa vidole vitupu mpaka mwisho kabla ya kuruhusiwa kushika spana, kwa kuwa hesi iliyo sawa huingia bila kulazimishwa. Kisha injini huwashwa kwa dakika kumi, huzimwa, na kijana hulala chini ya gari akiwa na kitambaa kikavu cheupe, kupapasa kama pana unyevu.